Niliambiwa niandike wasifu wa baba, nikakuta simjui

Baba alifariki Jumanne alfajiri, na kufikia saa nne asubuhi pale nyumbani Ukonga turubai lilishafungwa, viti vya kukodi vimeshuka, vyombo vya kikundi cha kina mama vimetoka stoo na daftari la michango limeshajaa kurasa mbili. Dar bwana kwa misiba hatujambo, siku za kawaida hata jina la jirani humjui ila akifa mtu kila mmoja anajua pa kushika.

Kamati ya mazishi ikakaa chini ya mwembe. Huyu akapewa jeneza, yule gari, mwingine chakula, kaka yangu mkubwa akapewa hela maana ndo mgumu kutoa. Mwenyekiti akanigeukia mimi, "wewe si ndo umesoma, andika wasifu wa marehemu, ukurasa mmoja tu, unasomwa Alhamisi kanisani, usirefushe." Nikaitikia fasta, na moyoni kusema kweli nikashukuru, wenzangu wanaenda kukimbizana na mochwari na fundi wa kaburi mi nakaa ndani na simu nachapa. Nikajua ni kitu cha nusu saa.

Nikajifungia chumba cha uani nikaandika "Marehemu alizaliwa mwaka". Hapo hapo nikakwama.

Kitambulisho chake cha taifa kinasema 1957. Kwenye kopo la biskuti anapowekea makaratasi yake nikakuta kadi ya ubatizo, inasema 1956. Nikampigia shangazi aliyekuwa bado njiani kwenye treni kutoka Tabora, mtandao unakata kata, anapiga kelele, "wewe mtoto, baba yako kazaliwa mwaka wa TANU! Mwaka wa TANU!" yaani 1954, chama cha TANU kilipoanzishwa. Nikaenda kwa mama kule ndani kwenye mkeka na kanga yake kichwani, nikamwinamia nikamuuliza kwa sauti ndogo, mama kati ya hizi tatu tushike ipi? Mama akacheka. Mwenye msiba anacheka, kina mama wengine wakageuka. Akasema alipoenda kuomba kazi kiwandani mwaka 1980 aliona wanataka vijana, akajipunguzia.

Kwa hiyo baba alijipunguzia miaka mitatu na akaishi nayo hivyo hivyo mpaka kufa, na mimi mwanae wa tatu, mwenye miaka arobaini, ndo nasikia leo. (Ngoja niseme hapa hapa kabla sijasahau, hiyo miaka mitatu baadaye ilitusumbua kweli kwenye kufuatilia cheti cha kifo na mirathi, jina kwenye karatasi hii lina herufi moja tofauti na ile, tarehe nayo tofauti, ikabidi twende kwa wakili kula viapo. Kama mzazi wako yupo hai mwombe leo makaratasi yake, yaangalie, yapige picha. Usione aibu ukadhani unamtabiria kifo.)

Nilichokuwa nakijua kuhusu baba na vita kilikuwa kidogo sana. Nilijua alipigana vita ya Kagera, ile tuliyopigana na Uganda ya Idi Amin, kwa sababu kwenye lile kopo mlikuwa na nishani imefungwa ndani ya soksi. Nilijua mtaani wanamwita Afande. Nilijua mlango ukibamizwa anafumba macho, na mkesha wa mwaka mpya watu wakilipua fataki anaingia ndani anafungulia redio kwa sauti kubwa. Basi. Hadithi za vita sisi tulizipata shuleni na redioni kama watoto wengine wote, ile hotuba ya Mwalimu ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, tulikuwa tunaigiza uani, mmoja anakuwa Amin anapigwa, na baba amekaa pale pale anamenya muhogo, hasemi kitu. Ukimuuliza baba uliua? anakwambia kalete maji.

Jioni ile ya Jumanne ndo akafika mzee mmoja kutoka Kibaha. Mwembamba, koti limemzidi, ana fimbo, kapanda magari matatu. Akaingia moja kwa moja mpaka mbele ya picha ya baba iliyowekwa mezani, akabana miguu, akapiga saluti, akakaa. Hakuna aliyemjua zaidi ya mama. Nikampelekea chai, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, wewe ndo wa ngapi? Nikamwambia wa tatu, na nimepewa kazi ya kuandika wasifu nimeshindwa. Akaniangalia. Akasema, "umeshindwa kuandika? Mtoto wa mwandishi?"

Nikadhani amechanganya misiba.

Kumbe jeshini baba alikuwa mwandishi wa barua. Yule mzee akanielezea taratibu huku anachovya maandazi. Wao wawili hawakuwa askari wa kudumu, walikuwa mgambo. Baba alikuwa kibarua hapa Dar anabeba magunia, amepitia mafunzo ya mgambo, Amin alipovamia Kagera mwisho wa Oktoba 1978 akasema ardhi mpaka mtoni ni yake na daraja la Kyaka likalipuliwa, jeshi letu lilikuwa dogo kwa kazi iliyokuwa mbele, ikabidi mgambo kibao waingizwe. Malori na mabasi ya watu yakachukuliwa kubeba askari. Mzee anasema walikuwa wanakaa kwenye mahandaki mvua inanyesha maji yanafika magotini na hakuna la kufanya, unasubiri. Sasa kikosini vijana wengi walikuwa wamejifunza kusoma ukubwani, kwenye yale madarasa ya elimu ya watu wazima, jina lake anaweza kuandika lakini barua nzima yenye maneno matamu hawezi. Baba alikuwa na la saba lake na mwandiko mzuri. Basi wakawa wanapanga foleni. Anaandika kwa penseli juu ya sanduku la risasi, huyu anamwandikia mama yake, yule mkewe, yule anadai ng'ombe zake kwa shemeji.

"Mke wangu mimi nilimpata kwa mwandiko wa baba yako," mzee akasema. Binti mwenyewe alikuwa kwao Kondoa, hawajawahi kuongea zaidi ya mara mbili. Baba akaandika barua ya kwanza kutoka karibu na Mutukula, ya pili Masaka, ya tatu sijui wapi, binti akakubali. Vita ikaisha, wakaoana, siku moja mke anamwambia niandikie orodha ya vitu vya dukani, jamaa akaandika, mke akaiangalia ile karatasi, akamwangalia mumewe, akauliza "na zile barua aliandika nani?" Mzee alivyofika hapo watu wote chini ya turubai walikuwa wameshasogeza viti. Anasema mpaka anakufa mkewe alikuwa akigombana naye anamwambia ningejua ningeolewa na mwandishi.

Nikamuuliza kuhusu mapigano yenyewe. Akasema walitembea kwa miguu sana. Akasema Masaka. Akasema Lukaya, kule ambako barabara inapita katikati ya kinamasi, Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuwepo. Hapo akanyamaza, akaomba sukari. Kampala iliangushwa Aprili 11, 1979 ila kazi iliendelea kaskazini mpaka Juni, hiyo nayo akaisema kwa sentensi moja. Nikaona ni ugonjwa ule ule wa baba. Halafu akasema, kama anaongea na glasi ya chai, "wenzetu wengine wako Kaboya." Kaboya ni kule Muleba mkoani Kagera walikozikwa mashujaa wa vita ile. Akasema kuna mmoja, kijana wa Songea, barua yake ya mwisho baba aliiandika asubuhi na jioni mwenyewe hayupo, karatasi bado iko kwenye begi la baba haijatumwa.

"Akaituma?" nikauliza.

"Kamuulize mama yako habari za Songea."

Nikaenda. Sasa hapa mama hakucheka. Akaniambia nifunge mlango. Akasema walipooana mwaka 1981 hali ilikuwa mbaya sana, Mwalimu aliomba wananchi wafunge mikanda miezi kumi na minane baada ya vita lakini ile miezi haikuisha, sukari foleni, sabuni foleni, unaweka jiwe lako kwenye mstari alfajiri likushikie nafasi, unga ni ule wa yanga wa njano. Na katika hali hiyo mumewe kila mwisho wa mwezi ananunua stempu na bahasha, anaandika barua ya kwenda Songea, mara nyingine anatia na noti ndani. Majibu yanakuja kwa mwandiko wa kitoto. Mama akajua tu, ana mwanamke, na ana mtoto, na mtoto ameshaanza shule. Akavumilia miaka miwili. Siku moja baba yuko zamu akaifungua barua kwa mvuke wa birika.

Ilikuwa imeandikwa na mtoto wa jirani kwa niaba ya bibi kizee. Inamshukuru baba kwa hela ya chumvi, inamwambia mahindi yamekubali, na inamuuliza, kama inavyoonekana ilikuwa inamuuliza kila mara, umwambie tena mwanangu alisema nini asubuhi ile.

Mama akaifunga kwa ugali. Hakuwahi kumwambia baba kwamba aliifungua. Toka siku hiyo ikawa yeye ndo anakumbusha, "stempu zimeisha." Barua zilienda mpaka mwaka 1992 bibi alipofariki. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka kabisa kutumwa posta kununua stempu na nakumbuka kulalamika jua kali.

Nilirudi kwenye simu nikaandika "Marehemu alikuwa mtu wa watu". Nikaifuta. Wasifu wote unaosomwa Dar nzima una hiyo sentensi.

Nikajaribu kupanga kama ratiba. Kiwandani, karani wa stoo, pale Barabara ya Pugu, siku hizi Nyerere, miaka kumi na mitatu mpaka kiwanda kiliposuasua wakapunguzwa. Hiyo naijua maana niliiona kwa macho, aliporudi na karatasi ya kupunguzwa alikaa chini ya huu huu mwembe siku tatu, siku ya nne akatoa meza, kiti, peni mbili na karatasi, akaanza kuwaandikia watu. Barua ya maombi ya kazi, barua ya serikali ya mtaa, barua ya kudai kodi, barua ya mwanafunzi kuomba ruhusa. Shilingi chache, wengine wanalipa kwa ndizi. Sisi tulikuwa tunaona aibu. Nasema wazi, mimi nilikuwa sekondari nikipita na wenzangu natazama upande wa pili, baba wa mwenzangu ana daladala, wangu ana meza. Yeye alikuwa ananiona. Hakusema kitu, ila kuna siku usiku akaniambia "ukipita na wenzio si lazima unisalimie, mimi nitajua umepita." Hilo neno lilinikaa mpaka leo na wala halikuwa la ugomvi, alisema tu kama anavyosema mvua itanyesha.

Kuna usiku mmoja ambao kila mtu pale msibani alikuwa anausimulia, nami nilikuwepo kwa hiyo huu ndo niliuandika vizuri. Februari 16, 2011, mabomu ya Gongo la Mboto. Ghala la silaha lililipuka kambini na sisi Ukonga tuko pua na mdomo na kambi. Watu walishaonja ya Mbagala mwaka 2009, kwa hiyo mlio wa kwanza tu mtaa mzima ukawa barabarani, watu na magodoro, watoto wanapotea, huyu anakimbilia Pugu huyu anakimbilia mjini, anga jekundu. Wengine walilala Uwanja wa Uhuru usiku ule. Mimi nilikuwa nimekuja kusalimia na mke wangu mjamzito.

Baba alikuwa anakula. Mlio wa kwanza akaweka tonge chini. Wa pili akasimama, akasema "laleni chini wote, mbali na madirisha," na hiyo sauti sijawahi kuisikia kabla wala baada, haikuwa kubwa, ilikuwa sauti ya mtu mwingine kabisa. Tukalala. Akawa anasikiliza, kama mtu anasikiliza mpira redioni, halafu kila ukipiga mmoja anataja uelekeo. Akafungua milango yote. Kimya kilipokaa kidogo akasema sasa, viatu, maji, hakuna mtu kubeba tivii. Tukatoka kwa kushikana kanga, kamba ya kanga, na yeye mbele anatembea. Anatembea! Watu wanatupita wanakimbia, wanaanguka mitaroni, sisi tunatembea ukutani ukutani kuelekea Banana, na kila nyumba anayopita anaita majina ya wenyewe, bibi fulani umetoka? Kwa Bi Mkubwa mmoja wa Kizaramo, jirani yetu, mama mtu mzima na miguu inamsumbua, hakuna jibu. Akanikabidhi kanga ya mbele. Akarudi. Alikaa huko kama dakika kumi ambazo kwangu zilikuwa mwaka, akatoka na Bi Mkubwa mgongoni, Bi Mkubwa anamtukana, "Mnyamwezi wewe leo umepata mzigo, baba zako walibeba pembe wewe umebeba Mzaramo, twende Ujiji!" Na baba anamjibu, "nyamaza wewe, pembe hazikuwa zinaongea." Mabomu yanalia huku wanataniana.

Asiyejua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi ataona matusi. Hao ni watani wa toka enzi za misafara, Wanyamwezi wakishuka pwani na mizigo wakipita Uzaramoni, na mpaka leo mtani ana ruhusa ya kukufanyia chochote, hasa msibani. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Asubuhi tuliporudi nyumba ilikuwa imesimama, kioo kimoja tu. Baba akakaa chini ya mwembe na kikombe cha chai na nikaona chai inamwagika, mikono yote miwili inatetemeka, akaiweka kati ya magoti. Alikaa hivyo siku mbili. Ndo mara pekee niliyowahi kumwona hivyo. Nilitaka kukaa naye ila mke wangu alikuwa hajisikii vizuri nikaondoka kwenda kwangu. Leo ningekaa.

Na hapo ndo nifike kwenye jambo langu mwenyewe. Mimi naishi Mbezi. Anayejua Dar anajua, Mbezi kwenda Ukonga kwa gari za abiria, na foleni, siku imeisha. Hivyo nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi, baadaye kila miezi miwili, baadaye nikawa natuma M-Pesa. Yeye ndo alikuwa anakuja. Bila taarifa, Jumamosi, unasikia hodi, umefungua, kasimama na kofia yake mkononi. Baba karibu ndani. "Nimepita tu." Mke wangu anakimbilia jikoni, baba anakunywa maji kasimama, anawaangalia wajukuu mmoja mmoja, anawagusa kichwa, anaaga. Dakika kumi. Saa tatu njiani kuja, saa tatu kurudi, dakika kumi mlangoni. Na kwa dada yangu Kigamboni vile vile, na kwa mdogo wangu Tegeta vile vile. Nimepita tu. Ilikuwa inanikera, nitakuwa mkweli, niliona kama ananisuta kwamba mimi siendi, na siku moja nikamwambia baba si ungepiga simu tukuandalie chakula? Akasema "mtu akipita hapikiwi."

Shangazi akafika Jumatano jioni. Kashuka treni na kikapu cha karanga na dumu la asali, akakataa kulala, akakaa na mama kwenye mkeka anamenya karanga za kesho. Nikakaa nao na simu yangu, wasifu una aya mbili na mabomu. Nikamuuliza shangazi, baba alipoenda vitani alipitia nyumbani kuaga?

Shangazi akaacha kumenya.

Akasema hapana. Akasema walipakiwa kwenye treni hapa Dar kwenda Mwanza, na treni ya Mwanza lazima ipite Tabora. Kwetu ni Ng'ambo, pale pale mjini, kutoka stesheni unatembea tu. Treni ilifika usiku ikasimama inasubiri, na amri ni hakuna askari kushuka. Baba yuko dirishani. Kilomita kama 840 amekuja na sasa anaona taa za kwao, na mama yake amelala pale hajui kama mwanae kachukuliwa, na hawezi kushuka. Akaita mama mmoja muuza karanga kwenye jukwaa, akanunua karanga zote alizokuwa nazo, hela yake yote, akamwambia nyumba iko hivi na hivi, kuna mnazi wa kuungua na radi, mwambie mama mwenye nyumba ile kijana wake kapita.

"Kapita tu? Hakusema anaenda wapi?"

"Kapita tu. Angesema vita mama angekufa."

Yule muuza karanga alienda asubuhi. Bibi akamuuliza alikuwaje, kakonda? Alikuwa anacheka? Yule mama hakuwa na majibu, giza lilikuwa kubwa. Shangazi anasema toka hapo bibi hakuwa mtu wa kulala, treni ikipiga honi usiku anaamka anatoka nje anasimama mpaka ipite. Miezi na miezi. Baba aliporudi mwaka 1979 akashuka Tabora, bibi akampiga kofi mlangoni kabla ya kumkumbatia, akamwambia "usipite tena bila kunionyesha uso."

Mama alikuwa hajui hiyo. Miaka arobaini na mbili ya ndoa. Tukakaa pale watatu, karanga zimeachwa, na nje kwenye turubai wanaume wanabishana Simba na Yanga.

Usiku ule niliandika mpaka saa nane. Sikuandika ukurasa mmoja, niliandika saba. Asubuhi mwenyekiti akaziona, akanipokonya sita, akasema kijana kuna ibada, kuna kuaga mwili, kuna jua. Nikapunguza kwenye steshenari pale Banana, dada anayechapa akawa analia huku anachapa, nikamwambia dada punguza machozi kuna makosa ya herufi hapo. Nilitoa mwaka wa kuzaliwa kabisa. Nikaandika "Marehemu alizaliwa Tabora."

Kanisani nikasimama. Nimesoma aya moja, nimefika penye Ng'ambo, nikasikia kelele mlangoni. Bi Mkubwa. Anaingia na wenzake wanne, watani, amevaa kofia ya baba, ile aliyokuwa anakuja nayo Mbezi, sijui aliitoa wapi ndani, anatembea kama baba, mgongo umenyooka, hatua fupi fupi. Kanisa zima likaanza kucheka na kulia. Mchungaji akakaa chini, wa Tabora yule, anajua taratibu. Bi Mkubwa akaja mpaka mbele akanipokonya karatasi mkononi, akaigeuza juu chini, maana hajui kusoma, barua zake zote ni baba alikuwa anamwandikia, akaanza "kusoma".

Akasoma kwamba marehemu alikuja Uzaramoni na gunia kichwani akiomba chumvi. Kwamba walimwonea huruma wakampa kiwanja. Kwamba alikuwa anaandika barua ndefu kuliko pesa alizolipwa na yeye Bi Mkubwa ana deni la ndizi na halilipi. Kwamba mwaka wa mabomu alimbeba vibaya mpaka leo nyonga inauma na anadai fidia. Akageukia jeneza akasema, "Mnyamwezi, umepita?"

Kimya.

"Haya pita."

Akakunja karatasi yangu akaitia ndani ya blauzi. Akasema inakombolewa kwa elfu kumi. Nilikuwa na elfu tano mfukoni nikampa, akasema hiyo ni nusu, nusu ya chini ndo ana haki ya kukaa nayo, akaichana mbele za watu. Makaburini alienda akaingia mwenyewe kaburini kabla ya jeneza akalala mle akagoma kutoka mpaka kaka yangu mgumu akatoa elfu ishirini, kitu ambacho mtaa mzima ulikuja kushuhudia.

Nusu niliyobaki nayo inaishia kwenye sentensi "walipofika Tabora treni ilisimama". Mengine anayo yeye. Siku hizi nikienda kumwona mama, na sasa naenda kila wiki, lazima nipite mlangoni kwake, ananiona kwa mbali anaanza kupiga kelele mtaa mzima usikie, "elfu tano yangu Mnyamwezi!" Namwambia Bi Mkubwa leo sina. Anasema basi ingia ule.